Nguvu Yenye Mabehewa

Mama yangu alikuwa mama pima. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiniomba niwasimulie habari za kile kikundi cha walevi wa Magindu hudhani nilikuwa mmoja wa walioponea pale, au mtoto wa shehe, au mtoto wa mchungaji. Mimi nilitokea upande wa pili wa biashara. Kila aliyeacha pombe kwenye banda la gengi alikuwa mteja aliyepotea nyumbani kwetu, na Mama aliponituma huko mara ya kwanza hakunituma nikajifunze dini. "Nenda ukakae nao," aliniambia, "usikie wananisemaje."

Hiyo ilikuwa 1988. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na jina langu halikuitwa kokote, nikawa nazurura baina ya nyumbani na stesheni. Magindu ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati, hiyo ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Sisi tuko Kibaha, lakini ukishika njia ya vichaka kwenda kusini hukawii kuingia Kisarawe. Wenyeji ni Wazaramo na Wakwere, wengi wao Waislamu. Wafugaji walikuja na ng'ombe wao. Na reli ilituletea watu wa kila kabila waliokula mshahara wa shirika. Magunia ya mkaa yalipangwa kando ya njia kungoja usafiri. Gongo ilipikwa vichakani, maana sheria ya 1966 ilikataza kuitengeneza bila leseni na mgambo hawakuwa watu wa kupiga hodi. Msimu wa mabibo Mama alipikia mabibo. Yakiisha alirudi kwenye kangara ya pumba na sukari.

Kikundi kilianzishwa na Mwalimu. Jina lake siliandiki, wala la mwenzake yeyote, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza pale, ingawa katika kijiji ambacho hata mbuzi anajulikana ni wa nani sharti hilo lilitufanya tucheke. Alikuwa Mpare, Msabato wa kuzaliwa, na kanisa la kwao halina mzaha na pombe. Kwa hiyo alikuwa mlevi mara mbili: kwa wanakijiji alikuwa mlevi kama walevi wengine, kwa ndugu zake alikuwa marehemu anayetembea. Alilazwa katika hospitali moja mjini, daktari wa kigeni akampa kijitabu cha Kiingereza chenye hatua kumi na mbili za kuacha ulevi. Alirudi nacho akitetemeka mikono. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini macho yalikuwa hayatulii kwenye mstari, ndiyo maana nilipojitokeza na upelelezi wangu alinikalisha karibu na chemli na kuniambia, "Wewe soma, mimi nitawaeleza."

Tulikutana Jumanne usiku katika banda la gengi la reli, lililokuwa likitunziwa beleshi na mataruma mabovu. Hapakuwa na ada wala mwenyekiti. Hatua ya kwanza haikuleta ubishi wowote: kukubali kwamba pombe imekushinda. Walicheka. Nani asiyejua? Yupo aliyeuza mabati ya paa lake, kipande kimoja kimoja, mvua ikamkuta ndani. Ugomvi ulianza kwenye hatua ya pili na ya tatu, pale kijitabu kinapotaka mtu aamini kuna nguvu kubwa kuliko yeye, halafu ajikabidhi kwa Mungu kwa namna anavyomfahamu yeye mwenyewe.

Ustadhi ndiye aliyeanza. Alikuwa akifundisha watoto chuoni, mtu mtaratibu, kanzu yake haina doa. Alisema amekuja kuhakikisha watu hawapotoshwi. "Mwalimu," akasema, "Mungu hakuachia kila mtu amfahamu apendavyo. Amejieleza mwenyewe. Hilo la kila mtu na wake ni shirki." Karani wa stesheni, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, akaafiki kwa sababu zake: Mungu ni mmoja na njia ni Yesu, sasa tukikubali kila mtu aje na wake si tutafuga mizimu humu ndani? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wale wawili wakikubaliana jambo.

Mnyapara wa gengi alikuwa amekaa juu ya taruma, anasokota tumbaku. Mnyamwezi, mrefu, sauti ya kukwaruza. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera alikwenda vitani akiwa mgambo, akafika Uganda, akarudi na mkanda wa jeshi na mazoea ya waragi. Hakuwa na dini tena na hakuficha. Alikuwa akisema kule aliwazika waliosali na wasiosali katika shimo moja, kwa beleshi moja, na tangu hapo hakuona tofauti ya kumsumbua.

"Nguvu kubwa kuliko mimi naijua," akasema. "Ina mabehewa ishirini na inapita hapa usiku."

"Astaghfirullahi. Unaabudu treni, bwana?"

"Siiabudu, Ustadhi. Naiogopa. Nikilewa nisikague njia, haitanisubiri nizimue ndipo ipite. Hainipendi, hainichukii, haijui jina langu, na nikikaa mbele yake ninakufa. Kwangu mimi hiyo yatosha kwa kuanzia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliniangalia kama vile kijitabu kingekuwa na jibu. Nikasoma tena ile hatua, polepole, na kweli haikutaja sifa za huyo Mungu hata moja. Mwalimu akasema basi Mnyapara amepita. Ustadhi akatoka nje, akasimama gizani muda, akarudi kukaa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwa nini mlango ule ulikuwa wazi. Chama chenyewe kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waliokuwa wametoka katika harakati ya Kikristo ya kuungama hadharani. Walipokuwa wakiandaa kitabu chao, kilichotoka 1939, katika kundi la New York alikuwamo Jim Burwell, asiyeamini Mungu na asiyenyamaza. Wenyewe humtaja kuwa miongoni mwa waliobisha mpaka maneno yakalegezwa na kila mtu akaachiwa ufahamu wake. Kwa hiyo Mnyapara wetu aliingia kwa mlango uliopasuliwa na mbishi mwenzake miaka hamsini nyuma, na ningetoa kitu kizuri ili awe hai nimwambie.

Lakini nisije nikakupa picha kwamba Magindu tulikuwa tunajadili kama Mungu yupo. Ukimwondoa Mnyapara, hilo halikuwa swali la mtu. Mashaka ya wale watu yalikuwa ya namna nyingine, na nadhani ni mabaya zaidi: walikuwa na hakika Mungu yupo, ila hawakuwa na hakika kama bado ana shughuli nao.

Mfano ni mjomba wangu, kaka wa tumbo moja na Mama, mchoma mkaa. Tangu utoto alikuwa amesikia ile hadithi ya Mtume kwamba anayekunywa pombe swala yake haikubaliwi siku arobaini. Sasa hesabu yake ilikuwa rahisi. Akinywa leo, siku arobaini zinaanza leo. Akinywa kesho, zinaanza upya kesho. Mtu anayekunywa kila siku hafiki ya arobaini maisha yake yote. "Sasa nisali ya nini?" alikuwa akimwambia Mama, na Mama, aliyekuwa akisali vipindi vyote vitano kati ya pipa na pipa, hakuwa na la kumjibu. Akaacha kusali. Alipoacha kusali akaacha na watu wa msikitini, na alipoacha watu wa msikitini akabaki na watu wa kwetu.

Kisha ndugu wakamwapisha. Walimshikisha Msahafu mbele ya wazee, akaapa hatagusa tena. Kabla ya hapo walikwisha kumnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, na mganga mmoja wa upande wa Kisarawe alimvisha hirizi. Kombe lilimpa usingizi mzuri. Hirizi aliisahau kwenye tanuri la mkaa. Kiapo ndicho kilichomwangamiza. Alikaa nacho wiki chache, akakivunja, na usiku ule alikunywa kuliko nilivyowahi kumwona akinywa, kwa sababu sasa hakuwa mlevi tu, alikuwa mtu aliyemdanganya Mungu huku ameshika kitabu chake. Pombe ilimpa jambo la kujutia, na majuto yakampa sababu ya pombe.

Habari hii aliileta mwenyewe bandani, analia. Karani akamwambia atubu, Yesu atamwosha. Mnyapara akasema kiapo ni maneno. Yote mawili hayakumfikia. Aliyemfikia ni Ustadhi, na alimfikia kwa sheria kavu isiyo na huruma hata kidogo kwa kuitazama. Alisema kwanza kuhusu zile siku arobaini: kinachopotea ni thawabu, si wajibu. Faradhi iko palepale, na asiyesali anaongeza deni juu ya deni. Pili, kiapo kilichovunjwa kina kafara yake, na kafara imetajwa katika Sura ya Al-Maida: ulishe maskini kumi, au uwavishe, na usipoweza ufunge siku tatu. Ukimaliza, jambo limekwisha.

"Limekwisha?" Mjomba akauliza.

"Limekwisha. Mbona unataka liwe kubwa kuliko Mwenyewe alivyolifanya?"

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, ya misikitini na ya kwenye viwanja. Sijasikia tena mtu akifunguliwa kwa sentensi kama ile. Mama alijitolea kugharimia chakula na Ustadhi akakataa, fedha za gongo hazilipi kafara. Mama alikasirika wiki nzima. Mjomba akauza mkaa wake, akanunua mchele na maharage. Ikabaki kutafuta maskini kumi, na hapo kijiji kizima kilijitokeza. Kati ya waliokula, wengi walikuwa wateja wetu. Walikula vizuri, wakamwombea dua ndefu, na wawili wakaomba kujua Jumanne ni saa ngapi.

Sasa nisimulie la Ustadhi mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuumizwa nalo. Kila Alhamisi, tangu nikiwa shule ya msingi, Mama alinipa chupa ya chai, ile ya kichina yenye maua mekundu, niipeleke chuoni kwa mlango wa nyuma. Haikuwa na chai. Nilijua, Mama alijua, na yeye alijua kwamba nilijua, na hatukuwahi kulisema. Alipokuja bandani kuhakikisha watu hawapotoshwi, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kijitabu, na nilikiona kidole chake kikitetemeka juu ya goti la kanzu.

Karani alikuwa mtu wa kuungama. Kwao alilelewa na Walokole, watu wa ule uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda hadi kwa Walutheri wa Bukoba, na kwao dhambi isiyosemwa mbele ya wenzako ni kama haijatubiwa. Aliungama kila Jumanne, mengine tusiyotaka kuyasikia, ya wanawake na ya sanduku la tiketi. Hatua ya tano ya kijitabu ilikuwa upande wake, maana inataka mtu akiri makosa yake kwa Mungu na kwa mtu mwingine. Akaanza kuwabana waliokaa kimya. Akambana Ustadhi: "Na wewe shehe, huja hapa kutafuta nini, kama huna lako?"

Ustadhi akamjibu kwamba katika dini yake Mungu akikusitiri huruhusiwi kujivua. Kwamba mtu akitenda ovu usiku, Mola akalifunika, kisha asubuhi akalitangaza mwenyewe, huyo ameharibu msamaha wake kwa mkono wake. Hakusema zaidi. Karani akaona ni ujanja. Mimi niliyebeba chupa ningeweza kumaliza ubishi ule kwa neno moja, na nilivyo kijana nilitamani.

Mnyapara ndiye aliyekata shauri. Akasema mtu aliyekuja Jumanne zote hizi, akakaa mpaka mwisho, hakuja kutusikiliza tunavyoimba. "Mwache. Njia mbovu naijua kwa kuipita, haihitaji kuniambia ni mbovu."

Ustadhi hakuwahi kusema, mpaka kikundi kinakufa. Aliuliza mengi kuhusu "mtu mmoja ninayemfahamu", namna ya kulala akikosa, namna ya kuzuia jasho, na kila mtu alimjibu huyo mtu kwa adabu. Aliyejua kwanza kwamba ameacha ni Mama. Alhamisi moja nilipeleka chupa, ikarudi imejaa. Alhamisi iliyofuata hakuipokea. Mama alifungua daftari lake la madeni, akatazama ukurasa wa "chai", akalifunga.

Lipo tukio moja ambalo siwezi kulipita. Mchoma mkaa mwingine, kijana wa nguvu, aliombewa na watu waliokuja na spika kutoka mjini, akatangaza amefunguliwa na kuacha siku hiyohiyo. Watu wakashangilia. Alikuwa amekunywa gongo kila siku kwa miaka, na mwili wa namna hiyo ukinyimwa ghafla huruka. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka, siku ya pili degedege likamwangusha, ya tatu akawa anafukuza siafu ambao hawapo. Waombaji walikwisha kuondoka. Nyumbani wakasema ni pepo, wakaita wapiga ngoma. Mnyapara na Mwalimu walipopata habari walimbeba kwenda stesheni wampandishe treni apelekwe hospitali. Treni ilichelewa. Alifia kwenye benchi la abiria.

Jumanne iliyofuata banda lilijaa hasira. Karani alisema imani ya marehemu ilikuwa haba. Ustadhi alisema ni ajali yake imefika. Mnyapara alisimama na nadhani alitaka kumpiga mmoja wao, sijui yupi. Kisha akasema tangu siku hiyo hakuna mtu wa kuacha kwa siku moja, awe ameombewa, ameapa au ameota. Kwanza aende kwa dresa mstaafu wa reli, apunguze kidogo kidogo, na usiku alale na mtu pembeni. Sharti hilo halikuwa kwenye kijitabu. Niliandika mimi, kwa penseli, kwenye jalada la nyuma. Karani aliondoka mwezi uleule, akisema kikundi kimekuwa cha wapagani, na sikusikia habari zake tena.

Kikundi chenyewe kiliisha bila kishindo. Mwalimu alihamishwa. Mnyapara alipunguzwa kazini katika ule upunguzaji wa miaka ya tisini, akarudi Tabora, na huko akafariki, hajanywa, hajasali. Mjomba alianguka, akarudi, akaanguka. Alikufa tumbo limejaa maji, lakini alikufa anasali. Mama aliacha kupika, na kila dini pale kijijini ilijipa sifa. Yeye alisema ni faini. Mgambo walimvunjia pipa na bomba mara nyingi mno, hesabu ikawa hailipi.

Siku hizi mambo haya yana majina rasmi. Watumiaji wanaitwa waraibu. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni kwa waliozama kwenye heroini, na zipo nyumba za upataji nafuu Unguja, Bagamoyo na kwingineko ambako vijana wanasoma hatua zilezile kumi na mbili. Nimesoma pia kwamba Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliunda chao mwaka 1989, Millati Islami, wakaziandika hatua upya kwa lugha ya Kiislamu. Ustadhi angewakubali, kisha angewasahihisha. Mtoto wa dada yangu alipokamatwa na unga nilimpeleka nyumba mojawapo. Nilikuta adhana ikilia kikao kinasimama, wengine wanakwenda kutawadha, wengine wanabaki wamekaa wakitazama chini. Mmoja wa waliobaki aliniuliza, "Baba, kama mimi sisali, hatua ya tatu naivukaje?" Nikamsimulia habari za mabehewa. Msimamizi, ambaye naye alitoka kwenye unga, alinivuta pembeni na kunionya nisiwachezee vijana imani yao. Nikamwambia sina cha kuwachezea. Tuliachana kwa heshima, hatukukubaliana.

Ustadhi alizeeka Magindu. Miaka michache kabla Mama hajafariki, alikuja nyumbani kwa fimbo, akaketi barazani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akasema ana deni la chai. Mama akamwambia alikwisha kulisahau, na uongo ule ulimkaa vibaya usoni, kwa sababu daftari lilikuwa bado kwenye sanduku.

"Kisheria," Ustadhi akasema, "bei ya kile kinywaji hailipwi. Hii ni ya chai, na ya mtoto aliyekuwa akiileta."

Mama akafungua fundo, akahesabu. Ilikuwa hesabu kamili ya mwaka 1988, shilingi kwa shilingi, fedha ambayo sasa isingenunua soda mbili. Akamwuliza kama huko kwenye vitabu vyake hakuna habari ya bei kupanda. Ustadhi akasema deni ni lile ulilokopa. Wakabishana mpaka alasiri, wazee wawili, mmoja anataja aya, mwingine anataja bei ya sukari. Mwishowe Ustadhi alituma beberu. Mama alisema ni mdogo, akampokea.